Bastola ya Babu: Namna ya Kuirithi kwa Halali Ukiwa Moshi

Katika familia nyingi za miteremko ya Kilimanjaro, mali ya marehemu hugawanywa baada ya matanga kwa utaratibu ambao kila mtu anaufahamu: kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kina mwenyewe, ng'ombe wana wenyewe, koti na fimbo humwendea aliyetajwa. Bastola haimo katika utaratibu huo. Tulipofungua sanduku la bati la babu yangu, kule Old Moshi, tuliikuta imeviringishwa katika kipande cha shuka chini ya stakabadhi za kahawa, na baba mdogo, kwa nia njema kabisa, akaishika na kunikabidhi mbele ya watu akisema kwamba meku, yaani babu, alitaka iwe yangu. Ndani ya nusu dakika sote wawili tulikuwa tumeshika silaha ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa na leseni nayo.

Kosa hilo ndilo la kuepukwa kwanza. Ukiikuta bastola, iache pale ilipo, uwatoe watoto chumbani, ufunge mlango na ufunguo akae nao mtu mmoja. Isidhaniwe kwamba kutu imeiua. Baadhi ya rivolva za zamani, yaani bastola zenye ngoma ya risasi inayozunguka, hazina kizuizi chochote cha usalama, na nyundo ikiwa imelalia risasi, bastola ikianguka sakafuni yaweza kufyatuka yenyewe. Risasi nazo, hata zenye umri wa miaka sitini au sabini na ganda lililofanya ukungu wa kijani, huweza bado kulipuka. Kwa hiyo usijaribu kuifungua ili uone kama ina risasi, usiipake mafuta, na risasi zisitupwe chooni wala motoni. Nimewahi kumsikia mtu akipendekeza zote mbili. Unachoweza kufanya ni kuipiga picha ikiwa palepale ilipolala, kwa sababu picha hizo zitakufaa baadaye.

Hatua ya pili ni polisi, na hapa neno langu ni kwamba umwite polisi aje nyumbani badala ya wewe kuipeleka bastola kituoni. Mtu anayepanda daladala kutoka Kidia kwenda mjini na bastola ndani ya kikapu, hata kama kweli anakwenda kuisalimisha, amekutwa na silaha asiyokuwa na kibali nayo, na maelezo yake yatasikilizwa akiwa tayari amekamatwa. Nenda mikono mitupu, ukiwa na mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, ofisini kwa OCD, yaani Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ukiwa umebeba cheti cha kifo, kitambulisho chako cha taifa, na kitabu cha leseni cha marehemu kama kimepatikana. Eleza kilichoonekana, kilipo, na nani ana ufunguo, kisha uombe askari atumwe.

Sheria inayoongoza mambo haya ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na jambo la kuelewa ndani yake ni kwamba leseni hupewa mtu. Babu alipofariki, ruhusa aliyokuwa nayo haikuhamia kwa mwanawe wala kwa mjukuu, hata kama silaha imelala nyumba ileile kwa miaka hamsini, na hata kama wosia umeandikwa vizuri na kushuhudiwa inavyotakiwa. Wosia unaweza kusema nani apewe nafasi ya kuimiliki. Hauwezi kumpa kibali. Wala usitegemee hoja kwamba ni kitu cha kale. Bastola inayoweza kupiga risasi ni silaha, na umri wake ni habari ya kupendeza tu.

Polisi wakiichukua, usiondoke bila hati ya mapokezi. Hati hiyo ioneshe aina ya silaha, namba iliyochongwa kwenye chuma, idadi ya risasi, tarehe, pamoja na jina na namba ya askari aliyepokea. Kwetu risasi hazikuandikwa siku ya kwanza, tukalazimika kurudi mara mbili ili karatasi ikubaliane na kilichomo kabatini. Ni usumbufu mdogo, lakini miezi sita baadaye, pengo la risasi nne linaweza kugeuka swali ambalo hakuna wa kulijibu.

Ikiwa babu hakuwahi kuwa na leseni, hofu ni kubwa zaidi, na ndiyo inayowafanya watu waichimbie mgombani. Usifanye hivyo. Serikali hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama kile cha Septemba na Oktoba 2023. Nje ya vipindi hivyo, muone wakili siku hiyohiyo uliyoiona bastola, kisha uende naye polisi. Kuchelewa ndiko kunakomgeuza mrithi kuwa mficha silaha.

Sasa, kabla ya kufika mahakamani, ijue silaha yenyewe, kwa kuwa maneno "bastola moja ya kizamani" hayatambulishi kitu. Hapa picha zako zina kazi. Karibu kila familia itakuambia kwamba bastola ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na pengine ni kweli, maana majeshi ya Uingereza yaliingia Moshi Machi 1916 baada ya Wajerumani kurudi nyuma. Lakini askari wa kawaida, wa upande huu au ule, alibeba bunduki. Bastola ilikuwa hasa silaha ya ofisa. Kwa hiyo babu aliyekuwa askari wa kawaida, akiacha bastola, huenda aliipata kwa njia nyingine: kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa anaondoka, au katika utumishi wa miaka ya baadaye. Uliza wazee bila kuwabishia.

Bastola ya Kiingereza ya Webley Mk VI, iliyoanza kutumika jeshini mwaka 1915, hufunguka kwa kukunjika: mtutu na ngoma ya risasi sita huinama mbele juu ya bawaba, na maganda hurushwa nje yote kwa pamoja. Hutumia risasi nene ya kipimo cha .455. Enfield No. 2, iliyoingia mwaka 1932, hukunjika vilevile lakini ni nyepesi na risasi yake ni ya .38. Rivolva za jeshi la Ujerumani za mwaka 1879 na 1883 hazikunjiki. Risasi huingizwa moja moja kupitia kijilango kilicho ubavuni. Ukiona alama ya mshale mpana kama unyayo wa kuku, hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Alama hizi zote huonekana pichani, na askari wa ghala la silaha anaweza kukusomea namba bila wewe kuigusa.

Mirathi yenyewe hufuata njia ya kawaida. Kikao cha ukoo huandika muhtasari na kumpendekeza msimamizi, Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikoishi marehemu humteua, na ndani ya miezi minne msimamizi hupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, kisha, kwa muda ambao mahakama itapanga, hesabu ya mirathi kwa Fomu Namba 6. Bastola iandikwe katika orodha hiyo kwa namba yake, ikielezwa kwamba imehifadhiwa polisi. Mjukuu akumbuke kwamba watoto wa marehemu wako mbele yake; ridhaa ya baba, baba wakubwa, baba wadogo na mashangazi iandikwe ndani ya muhtasari na kutiwa saini, kwa sababu maneno ya matangani husahaulika mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiisha.

Baada ya hapo ndipo unaomba leseni kwa jina lako, ukianzia serikali ya kijiji au mtaa, kisha kata, kisha OCD na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, hadi ngazi za juu. Utachukuliwa alama za vidole na kuulizwa sababu ya kutaka silaha, na uwe tayari, maana "ni kumbukumbu ya babu" ni sababu ya moyoni zaidi kuliko ya kiusalama. Mimi nilijiuliza swali hilo kabla sijaulizwa, nikakosa jibu.

Ukinyimwa, au usipoitaka, usimpelekee fundi wa kuchomelea azibe mtutu ili uitundike sebuleni, na usiiuze kwa mtu aliyesikia habari zake kijiweni. Andika barua ya kuiachia serikali, au, kama historia yake ina ushahidi, omba kupitia polisi Makumbusho ya Taifa iulizwe kama inaihitaji. Sisi tuliiacha kwa barua iliyotiwa saini na watoto wote saba wa marehemu. Ala ya ngozi iliyoibeba, ambayo haihitaji kibali cha mtu, inaning'inia chumbani kwa baba mdogo, na ndani yake amehifadhi nakala ya hati ya polisi yenye namba ya bastola na risasi nne.