Hesabu Miguu Kabla ya Kununua Dawa

Msimu huu nimepita kwenye mashamba kadhaa ya nyanya yaliyopigwa dawa mara tatu ndani ya wiki mbili, na majani yanazidi kugeuka rangi ya shaba. Mkulima ananionesha chupa: dawa ya wadudu, tena kali. Kumbe aliyeko chini ya jani si mdudu. Ni utitiri, ndugu wa buibui na kupe. Katika mazungumzo yetu kila kinachotambaa huitwa mdudu, lakini dawa haijui mazungumzo yetu.

Chuma jani la chini, ligonge mara tatu juu ya karatasi nyeupe, subiri dakika moja. Vumbi likianza kutembea, chukua lenzi inayokuza mara 10. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha sogeza karatasi hadi iwe sentimita 2.5 hivi kutoka kwenye lenzi. Sentimita mbili na nusu, jamani! Wengi wanaishika mbali kama wanaosoma gazeti, halafu wanasema hawaoni kitu. Utitiri hawafiki hata milimita moja; wengi ni nusu yake.

Mdudu aliyekomaa ana kichwa, kifua na tumbo, miguu sita na vipapasio. Utitiri ni kifuko kimoja tu, hana mabawa, hana vipapasio, miguu minane. Angalia wale waliokomaa, kwani utitiri aliyetoka kwenye yai leo ana miguu sita, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Gharama ya kosa hili si pesa ya chupa peke yake. Dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi huua mbawakawa wenye madoa na utitiri wawindaji, ambao ndio waliokuwa wakikulindia shamba. Utitiri wanaokula majani hubaki bila adui, na kwenye joto yai huwa utitiri mzazi kwa wiki moja na siku chache. Ndiyo maana hali huwa mbaya zaidi baada ya kupuliza.

Tumia salfa au dawa iliyoandikwa utitiri kwenye lebo. Elekeza pua ya bomba juu, ipige chini ya jani. Salfa usiipulize joto likipita nyuzi 32, wala ndani ya siku 14 za kupuliza dawa ya mafuta, itababua majani. Mayai mengi hupona, kwa hiyo kagua tena baada ya siku 5 hadi 7, urudie kama lebo inaruhusu. Majani mapya yakitoka safi, umefaulu.

Kuhesabu huku kunasaidia hata kwa viwavi. Kiwavi wa nondo ana jozi 5 au pungufu za miguu minene ya tumboni, na dawa ya bakteria ya Bt humpata. Ukihesabu jozi 6 au zaidi, huyo ni wa ukoo wa nyigu. Hiyo Bt irudishe stoo.