Kupima hali ya watoto wa eneo zima: anza na wasioonekana

Kliniki ina daftari la watoto wanaofika kliniki, shule ina la wanaofika shule. Ukijumlisha madaftari hayo mawili unapata habari za watoto ambao tayari kuna mtu anawaangalia. Aliyefichwa ndani kwa sababu ya ulemavu, au anayeshinda machungani, hayumo. Ndiyo maana kazi hii naianzia mlangoni kwa watu.

Hatua ya 1: Wahesabu wote

Chora ramani ya eneo kwa mkono, ipe kila kaya namba, kisha pita. Usiulize "Mna watoto wangapi?", maana utatajiwa wa kuzaa tu. Uliza, "Jana usiku walilala humu nani na nani?" Hapo ndipo anapojitokeza mpwa aliyeletwa, na binti wa kazi. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18; binti wa kazi mwenye miaka 14 ni mtoto, hata kama nyumba nzima inamwita dada.

Umri uandike kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Visipokuwepo, tumia kalenda ya matukio: alizaliwa kabla ya mafuriko au baada yake? Ukiona watoto wengi mno wana miezi 24 kamili, jua mdodosaji wako anakisia.

Hatua ya 2: Mkono, miguu, kadi

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupimia mzingo wa mkono unatosha kuanzia. Shika mkono wa kushoto, ukunje kwenye kiwiko, tafuta ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, weka alama katikati. Sasa unyooshe mkono uning'inie. Wengi husahau kuunyoosha, na kipimo kinaharibika. Zungusha utepe penye alama, usibane nyama wala usiache nafasi, usome. Rudia mara ya pili.

Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni wa kadiri. Kisha bonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote, huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali; mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, utepe useme unavyosema. Ripoti itasubiri.

Upande wa chanjo, nakili tarehe kwenye kadi. Alichosimulia mzazi kiandike safu yake tofauti. Linganisha dozi ya kwanza ya penta (chanjo moja inayokinga magonjwa matano, hutolewa kwa dozi tatu) na ya tatu. Aliyekosa ya kwanza, huduma haijawahi kumfikia. Aliyepata ya kwanza akakosa ya tatu alifikiwa, akapotea njiani. Hayo ni matatizo mawili, na ukiyachanganya utatibu lisilokuwepo.

Hatua ya 3: Msomeshe, usimuulize darasa

Niliwahi kupewa daftari la mahudhurio lenye tiki za wiki nzima, wino mmoja, mkono mmoja, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Tangu hapo mahudhurio nayahesabu kwa macho, bila kutoa taarifa.

Kujua kusoma nako kupime nyumbani, kwa watoto wa miaka 7 hadi 14, wakiwemo walioacha shule. Mpe hadithi fupi ya maneno 60, kwa lugha anayofundishiwa. Akisoma sawasawa maneno 54, yaani asilimia 90, muulize maswali machache ya hadithi hiyo. Asiyeweza kujibu anatamka tu. Mzazi anayenong'oneza majibu mwombe kwa upole akae pembeni.

Hatua ya 4: Usalama

Hapa punguza dodoso, ongeza mwendo. Tembea na watoto njia yao ya shule, wakuonyeshe wenyewe wanapoogopa. Andika kisima kisicho na mfuniko, mahali pa kuvukia barabara, mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda.

Maswali ya kupigwa na kunyanyaswa ni mengine kabisa. Usiyaguse kabla hujajua mtoto akisema "ndiyo" utampeleka kwa nani, na huyo mtu awe amekubali kupokea simu yako. Usimuulize mtoto mbele ya watu wa nyumbani, na jina lake lisikae karatasi moja na majibu.

Hatua ya 5: Andika namba kama zilivyo

"Asilimia 20 hawana chanjo" inatisha, lakini ikiwa uliowapima ni kumi, andika "wawili kati ya kumi". Tenganisha wasichana na wavulana, na walio mbali na walio karibu na kituo. Wastani wa eneo lote huficha kona mbaya. Kaya ulizokuta zimefungwa ziandike pia, uzirudie jioni au mwisho wa wiki.

Mzunguko unaofuata ufanye mwezi uleule. Ukipima mara moja wakati wa njaa na mara ya pili baada ya mavuno, utakuwa umepima msimu.