Pampu za Tangi la Katikati Mafuta Yakipungua

Kila ninapowasha pampu za tangi la katikati, lile la mafuta lililo kati ya mbawa, ndege ya Boeing 737 ikiwa ardhini, sinyanyuki kitini. Nazikazia macho zile taa mbili za shinikizo dogo, zinazowaka pampu ikishindwa kusukuma mafuta. Pampu hizi hupozwa na kulainishwa na mafuta yenyewe. Mafuta yakiisha, pampu huvuta hewa na kupata moto, na tangi linaloonekana tupu huwa limejaa mvuke unaowaka upesi kuliko mafuta ya maji.

Kwa hiyo soma geji kwanza. Tangi la katikati likiwa na chini ya kilo 2,300, ruka pampu zake zikiwa zimezimwa. Matangi ya mbawa yatalisha injini. Ndege ikiinua pua, mafuta machache hukimbilia nyuma na kuziacha pampu kavu. Angani, taa zote mbili zikiwaka, zima swichi zote mbili papo hapo, usingoje mwenzako amalize kuzungumza na mnara wa kuongozea ndege.

Ukiitwa nje, zima kwanza, hata kama ni dakika moja. Hapo sina mjadala. Machi 2001 kule Bangkok, 737-400 ililipuka ikiwa imeegeshwa, pampu za katikati zikizunguka kavu. Mhudumu mmoja alifariki.