Mkono wa droo ya chipbodi ukichomoka

Huku Malindi unyevu wa bahari unaila chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gluu) haraka sana, skrubu inalegea tundu linapanuka mpaka mkono wa droo unang'oka. Tafadhali usitie skrubu nene zaidi, itapasua ubao. Toa unga wote wa mbao tunduni, mimina gluu nyeupe ya mbao, shindilia njiti za kiberiti zilizotolewa vichwa mpaka zibane kabisa, acha hadi kesho ndio ukate zilizobaki utoboe katundu kembamba katikati, halafu funga kwa bisibisi ya mkono manake drili inasaga tena. Ukingo uliovimba usiupige msasa ukiwa na maji, ukauke kwanza, paka gluu, ubane kwa klampu na vibao viwili vilivyofunikwa nailoni visigande. Gluu ikishika piga msasa, paka vanishi ukingoni, manake maji huingilia hapo.