Majilio yanaingia, kabla hujaniletea kitenge soma hapa kwanza

Mi ni fundi cherehani hapa Bagamoyo, kwa hiyo najua sikukuu inakuja hata kabla padre hajatangaza, maana kuanzia katikati ya Novemba vitenge vinarundikana mezani mpaka sioni mkasi uko wapi, na kila mtu anasema "fundi, changu hakina mambo mengi, nishonee tu kabla ya tarehe 20". Nawapenda wateja wangu, ndo wanaolipa kodi ya fremu. Ila mwaka juzi jirani yangu mpika vitumbua, mama wa Kiislamu, alikuja kukaa barazani kwangu akauangalia ule mlima wa nguo akaniuliza, shoga, sisi Ramadhani ikikaribia tunaombana radhi, tunalipana madeni, tunajiandaa na funga, nyie mwaka wenu unaanzaga na nini? Nikafungua mdomo nikakosa la kusema. Jibu la katekesimu nilikuwa nalijua, lakini la maisha yangu lilikuwa pale mezani, limekunjwa, limeandikwa jina la mteja na kianzio alichotoa.

Basi tangu siku ile, kila Majilio, yale majuma ya kujiandaa na Krismasi, nimekuwa nikijaribu hiki na kile, vingine vimeshindikana, vingine vimekaa. Nakuandikia vilivyokaa.

Cha kwanza ni tarehe, maana wengi tunajua mwaka unaanza Januari mosi basi. Mwaka wa Kanisa unaanza Dominika ya kwanza ya Majilio, ile Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, siku ya Mtakatifu Andrea, kwa hiyo haiji kabla ya tarehe 27 Novemba wala haipiti tarehe 3 Desemba. Mwaka 2026 ni tarehe 29 Novemba. Ndugu zetu Walutheri na Waanglikana nao wanaanza siku hiyohiyo. Ukiingia kanisani utaona mwenyewe, rangi imegeuka zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi, na Injili za Jumapili zinahamia kitabu kingine, mwaka mmoja Matayo, unaofuata Marko, wa tatu Luka, alafu tunarudi Matayo. Na usijidanganye kwamba una wiki nne nzima. Krismasi ikiangukia Jumatatu kama 2023, wiki ya nne ni siku moja tu, yaani asubuhi unawasha mshumaa wa nne, jioni uko kwenye misa ya mkesha. Hesabu siku zako, zitakuwa kati ya 22 na 28, ziandike kwenye karatasi ubandike ukutani hapo unapopigia pasi.

Alafu fungua kabati. Toa kila kitu uweke kitandani, na usifanye hii kazi usiku umechoka, fanya Jumamosi asubuhi baada ya sala za jumuiya ndogo ya Wakristo. Kama we ni mwanamke wa hapa kwetu nakuhakikishia utakutana na sare za harusi, sare ya kitchen pati, sare ya ubarikio, sare ya msiba, gauni umelivaa mara moja kwa sababu kamati ilisema rangi ya maziwa na dhahabu. Gawa mafungu: nazovaa, zinazorekebishika, na za kutoa. Yohane Mbatizaji alipoulizwa na makutano tufanye nini hakuwaambia kitu kigumu, alisema mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, iko Luka 3:11, ukihesabu hapo kitandani utakuta hujamaliza hata hesabu ya kanzu ya tano na bado kuna sanduku juu ya kabati.

Sasa hapa nilikosea, nawe usikosee. Mwaka wa kwanza nilijaza mfuko wa salfeti nikaupeleka kwenye jumuiya tukawapelekee watoto yatima, najiona mtakatifu kweli, wiki iliyofuata mwenyekiti wetu akanirudishia nusu ya mfuko. Hakunisema. Nilipofungua nikaona zipu zimekufa, kwapa limechanika, kola imeng'oka. Mimi, fundi! Nilitoa takataka nikaiita sadaka. Asiye na nguo hana pia hela ya kumlipa fundi, kwa hiyo kabla hujatoa fua, badili zipu, rudishia vifungo, piga pasi. Na katika kila fungu la kutoa weka kimoja unachokipenda, kile ambacho ukikishika mkono unasita, hicho hicho.

Hatua inayofuata ndo mimi naiona kubwa kuliko zote, na watu wengi wanairuka wanakimbilia kufunga na kukesha. Chukua daftari, andika kila unachodaiwa. Sio mkopo wa benki peke yake. Kwa mangi, genge la nyanya, dada wa vocha, kikoba, mwenzako wa kwaya uliyemkopa elfu tano mwezi wa sita ukanyamaza naye akaona aibu kukuuliza. Kwenye Matayo 5 Yesu anasema ukiwa unaleta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, nenda kapatane naye kwanza. Sisi tunafanya kinyume, tunatoa bahasha ya mavuno mbele za watu tumevaa gauni jipya, na muuza nyanya amekaa benchi la nyuma anatuangalia tu.

Langu nalitaja ili usidhani nakuhubiria. Mteja akileta mita tatu na gauni likatoka kwenye mbili na nusu, ile nusu inaenda wapi? Mafundi wenzangu mnajua. Mi nilikuwa nashonea visketi vya watoto na foronya za mito nauza, na kwenye akili yangu haikuwa wizi, ilikuwa "mabaki". Nikaenda kitubio Majilio ile, nikayataja kijuujuu tu katikati ya mambo mengine, hasira, uvivu wa kusali, mabaki ya vitambaa, padre akanikatisha akauliza, na hivyo vitambaa viko wapi sasa hivi? Viko chini ya meza, baba. Akasema basi kazi yako ya toba iko chini ya meza. Nilipanda bodaboda narudi nyumbani nimenuna jamani, nilitegemea Baba Yetu tatu na Salamu Maria.

Zakayo alirudisha mara nne, mimi nilirudisha vipande kama vilivyo, navifunga na nguo ya mteja. Wengine walicheka, mmoja akaniuliza kwahiyo siku zote vilikuwa vinaenda wapi, nikamwambia ukweli, hajarudi tena. Ndo gharama yake hiyo, sikufichi. Na wewe ukiona deni huliwezi lote, nenda na kidogo ulichonacho mkononi kabla ya Dominika ya pili, uso kwa uso, usitume meseji. Ila usikope kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ulipe deni la mangi, utakuwa umetoa jiwe kwenye kiatu ukaweka msumari.

Baada ya daftari ndo uje kwenye mfungo wa kununua. Kanuni yangu ni rahisi, kuanzia Dominika ya kwanza mpaka mkesha wa Krismasi nanunua chakula, dawa, nauli na vitu vya kazi, basi. Mahitaji ya shule ya watoto ruhusa, maana Januari haina huruma. Kitu kingine chochote moyo ukikitamani, mfano vyombo vya udongo, pazia, simu ya ofa, nakiandika kwenye karatasi na tarehe, nakiacha mpaka Jumapili inayofuata. Mwaka jana niliandika vitu 11, Krismasi ilipofika nilikuwa bado navitaka viwili, kimoja kikiwa ni ndoo. Yale magrupu ya kuuza nguo yazimie sauti, au toka kabisa utarudi baadaye, hayakimbii. Ile hela ambayo haijatumika itie kwenye kopo la maziwa, usiipange mapema. Utakutana na mtu wake kabla mwezi haujaisha, mimi nilikutana naye foleni ya wodini nimeenda kumwona mgonjwa wangu, mgonjwa wa kitanda cha pembeni hana hata wa kumletea uji.

Utaniuliza, fundi, sasa nguo za Krismasi? Najua unachekea moyoni, mtu anakataza watu kununua kitenge huku anaishi kwa vitenge. Sijakataza. Mtoto aliyekua amekua, kaptula haimwingii, mshonee. Lakini we mtu mzima lete la mwaka jana nilipunguze au niliongeze, kubadilisha mshono ni hela kidogo na kazi ni ileile ya mikono yangu, na familia nzima kuvaa kitambaa kimoja kwa ajili ya picha sio amri ya Mungu wala ya Kanisa.

Mishumaa fupi tu. Taji la Majilio sio lazima ununue, matawi ya mvinje yako tele ufukweni, yafunge duara kwenye sinia, weka mishumaa minne. Ya zambarau ikikosekana chukua myeupe, funga kitambaa cha zambarau kwenye mitatu na cha waridi kwenye mmoja, huo wa waridi ni wa Dominika ya tatu, ya furaha. Kila jioni washa, simu zote ziingie droo ya cherehani, soma somo la siku, wiki hizo utamsikia sana Isaya, kaa kimya dakika tano, sali, zima. Watoto watagombana nani awashe, weka zamu. Na umeme ukikatika mtautumia mshumaa huohuo kulia ubwabwa, wala sio dhambi.

Kitu cha mwisho, siku moja katikati ya wiki nenda Misheni, ile misheni ya zamani ya Wakatoliki hapa Bagamoyo. Sisi wenyeji hatuendi, tunawaachia wageni na wanafunzi wa safari za shule. Pita njia ya miembe mpaka makaburini kwenye groto ya Bikira Maria, nenda peke yako, usipige picha. Wale Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuja kutoka Zanzibar mwaka 1868, ukisoma misalaba utaona wengi walizikwa vijana kabisa, homa ziliwamaliza. Walifungua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani hapohapo. Na mimi kama fundi kuna jambo kila nikifika pale linanishika shingo, kwenye njia ya misafara kutoka bara mpaka hapa pwani hela ilikuwa shanga, waya na vitambaa, merikani na kaniki. Kitambaa hichohicho ninachokipima kwa futi kilinunulia pembe za ndovu na kilinunulia mtu. Nikishakaa na hilo wazo nusu saa pale chini, gauni la kamati halinisumbui tena.

Wazee wanagombana jina la mji limetoka wapi, wako wanaosema ni wapagazi wamefika pwani wanabwaga mizigo wanabwaga moyo, na wako wanaosema ni watumwa waliobwaga moyo kwa kukata tamaa hapa kabla ya kuvushwa bahari. Mi nachukua yote mawili. Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari na mpelelezi Livingstone, na wenzao nao walifika hapa mwezi Februari 1874 wakiwa na mwili wake, ukalazwa Misheni, moyo wake walishauzika kulekule alikofia, nchi ambayo leo ni Zambia. Ukitoka makaburini shuka mpaka kwenye msalaba ufukweni, kaa hapo, daftari lako la madeni liwe mkononi, ona umefikia wapi.

Mkesha wa tarehe 31 Desemba nenda ukipenda, mimi naendaga, kuimba naimba. Ila ile karatasi ya kuandika maombi ya mwaka mpya, gari, kiwanja, mume, nikipewa naandika majina ya watu niliobakisha kuwalipa. Kwa wakati huo mwaka wetu una mwezi mzima tayari, hakuna cha kukurupukia.

Basi mwaka huu oda za sikukuu nafunga tarehe 12 Desemba saa kumi jioni. Ukija tarehe 13 na kitenge chako utanikuta barazani kwa jirani, nakula vitumbua, na nimelipa.