Somo: Barkodi, ISRC na ISWC kabla hujaachia wimbo

Namba hizi tatu huchanganywa sana, na mirabaha hupotelea hapo. Barkodi ni ya bidhaa: singo, EP au albamu nzima. ISRC ni ya rekodi moja iliyotoka studio. ISWC ni ya utunzi, yaani maneno na melodi. Utunzi mmoja ukirekodiwa mara tatu, ISWC ni ileile ila ISRC ni tatu.

1. ISRC

Ina herufi na tarakimu 12. Tano za mwanzo humtambulisha aliyeitoa, mbili ni mwaka namba ilipotolewa (si mwaka wa kurekodi), tano za mwisho ni za kupanga mwenyewe: 00001, 00002 na kuendelea. Vistari ni vya kurahisisha kusoma tu, kwenye fomu viache. Kama huna, wasambazaji wengi wa mtandaoni (wanaopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya kusikiliza) watakupa. Lebo yenye wasanii kadhaa heri iombe utangulizi wake, yaani zile tano za mwanzo, maana unatosha rekodi 100,000 kwa mwaka.

Rimiksi, laivu, toleo fupi la redio na biti tupu kila moja hupata ISRC yake. Lakini singo ikiingia kwenye albamu bila kuguswa, hubaki na ileile. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaipa mpya, na rekodi moja inahesabiwa kama mbili.

2. Barkodi

Ziko aina mbili: EAN ina tarakimu 13, UPC ina 12. Namba hutolewa na GS1, shirika la kimataifa la barkodi. Za Tanzania huanza na 620, za Kenya 616. CD, santuri na toleo la mtandaoni kila moja na barkodi yake.

Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua mfano wa EAN ambayo bado haina tarakimu hiyo: 620123456789. Jumlisha nafasi za 1, 3, 5, 7, 9 na 11: unapata 26. Jumlisha zilizobaki: 27, zidisha kwa 3, ni 81. Jumla 107. Kinachokosekana kufika 110 ni 3, basi namba kamili ni 6201234567893.

Kwenye kava, ukubwa wa kawaida ni milimita 37.29 kwa 25.93, na usishuke chini ya asilimia 80. Acha nafasi tupu ya milimita 3.63 kushoto na 2.31 kulia. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe. Wabunifu hupenda kuipaka nyekundu ifanane na kava. Mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari hiyo haionekani kabisa.

3. ISWC

Hii hujipangii. Unasajili utunzi kwenye chama cha mirabaha ulichojiunga nacho, nacho ndicho huishughulikia. Huanza na T, kisha tarakimu 10. Kubalianeni asilimia za watunzi kwanza, maana zikizidi 100 malipo hukwama.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nahama msambazaji. Nichukue namba mpya?*
Hapana. Peleka ISRC na barkodi zilezile, faili lilelile, majina yaleyale hadi herufi. Usifute kwa msambazaji wa zamani mpaka toleo jipya lionekane hewani, la sivyo hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza sifuri.

*Mfumo unakataa barkodi yangu na nimeinakili kutoka Excel.*
Excel imekula sifuri ya mwanzo, au imeigeuza kuwa 6.2E+12. Weka safu iwe maandishi kabla ya kuandika namba, kisha iandike upya. Kubadilisha safu baadaye hakurudishi sifuri.

*Kwenye kolabo, nani anatoa ISRC?*
Mwenye masta, yaani anayemiliki rekodi, na ni mmoja tu. Mkipandisha wote wawili kila mtu na namba yake, rekodi inakuwa na ISRC mbili.

*Nikichapa CD, namba zinaingiaje?*
Mpe fundi wa mastering orodha ya ISRC kwa mpangilio wa nyimbo, aziingize kwenye faili la DDP, lile linalopelekwa kiwandani kuchapa CD. CD ikishachapwa haziongezeki tena.