Somo: Presha Inaposhuka kwenye Mashine ya Kuoshea ya Maji ya Moto

Fundi asiye na subira huanza kwa kufungua pampu, na mara nyingi huifunga tena bila kuona kasoro yoyote. Kabla ya kushika spana, ni vyema kukumbuka kwamba pampu ya mashine hii haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma kiasi kilekile cha maji kila dakika, na presha huzaliwa pale maji hayo yanapolazimika kupenya tundu dogo la nozeli, yaani ncha ya kutolea maji. Kwa hiyo presha ikipungua kuna maswali mawili tu ya kujibu: je, maji yanayofika kwenye nozeli yamepungua, au tundu lenyewe limepanuka?

Tahadhari kwanza. Zima kichomeo, acha maji baridi yapite mpaka yanayotoka yapoe, kisha zima mota, funga maji na ubonyeze kifyatuo cha bunduki ya kurushia maji ili presha iliyobaki itoke. Usitafute uvujaji kwa kupitisha mkono, kwa sababu mchirizi mwembamba wa presha hupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo, hata likionekana dogo kama la sindano, ni la kupelekwa hospitali mara moja.

Hatua ya 1: Maji yanayoingia. Chomoa mpira unaoleta maji, ujaze ndoo ya lita 20 huku ukipima muda. Mashine ambayo kibati chake kinasema lita 15 kwa dakika humaliza ndoo hiyo kwa sekunde 80, hivyo mpira unapaswa kuijaza kwa sekunde 60 au pungufu ili kubaki na akiba. Safisha kichujio kilicho kwenye mlango wa kuingilia maji, kisha kagua maungio ya upande wa kufyonza, maana hapo maji hayavuji nje bali hewa huingia ndani bila kuonekana. Katika mashine zinazovuta sabuni kabla ya pampu, vali ya sabuni ikiachwa wazi huku dumu likiwa tupu, pampu hunyonya hewa. Nakiri kwamba niliwahi kufungua pampu nzima, kumbe koki ya maji ilikuwa imefunguliwa nusu.

Hatua ya 2: Nozeli. Nozeli iliyoziba hupandisha geji, yaani kipimo cha presha, na kupotosha umbo la maji yanayotoka. Iliyolika huishusha geji polepole, mwezi hadi mwezi, hata mtumiaji asitambue. Kipenyo cha tundu kikiongezeka kwa asilimia 10 tu, presha hupungua kwa karibu theluthi moja. Weka nozeli mpya yenye namba ileile, kwani ni kipuri rahisi kuliko vyote katika somo hili.

Hatua ya 3: Anloda. Hii ndiyo vali inayorudisha maji kwenye upande wa kuingilia unapoachia kifyatuo. Takataka ikikwama kwenye kiti chake, au oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) ikikatika, sehemu ya maji huendelea kurudi hata bunduki ikiwa wazi. Ifungue, isafishe na ubadilishe oringi, lakini kabla ya kugusa skrubu ya kurekebishia weka alama mahali ilipokuwa.

Hatua ya 4: Pampu. Sasa ndipo zamu yake. Geji ikitetemeka na hozi, yaani mpira wa presha unaokwenda kwenye bunduki, ikirukaruka, shuku vali ndogo za kuingiza na kutoa maji. Katika pampu ya pistoni tatu, silinda moja ikiacha kusukuma, theluthi ya maji hupotea, na kwa nozeli ileile presha ya bar 150 hushuka hadi karibu bar 67. Maji yakidondoka chini ya pampu, sili zake za kuzuia maji yasivuje zimechoka.

Hatua ya 5: Koili. Tatizo hili mashine za maji baridi hazilijui. Maji yenye chokaa yanapopashwa moto huacha ukoko ndani ya koili, yaani bomba lililojiviringa ambamo kichomeo hupasha maji, na njia ya maji huzidi kuwa nyembamba. Dalili yake humchanganya fundi: geji iliyo kwenye pampu inasoma juu, lakini mkononi hakuna nguvu. Ondoa nozeli, washa mashine bila kichomeo na ubonyeze kifyatuo. Geji inapaswa kuanguka karibu na sifuri. Ikibaki juu, kuna kizuizi baada ya pampu. Zima, toa presha, kisha unganisha hozi moja kwa moja kwenye mlango wa kutokea wa pampu ukiiruka koili. Geji ikianguka sasa, mkosaji ni koili, na isipoanguka, kagua hozi na bunduki. Ukoko huondolewa kwa kuzungusha myeyusho wa asidi ya sitriki kwa pampu ndogo mpaka povu likome, kisha kusuuza kwa maji mengi. Asidi ya hidrokloriki isitumike kwenye koili ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa huila.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, maji baridi yanatoka vizuri, lakini nikiwasha kichomeo presha inaruka. Kwa nini?
Jibu: Yaelekea maji yanachemka ndani ya koili na mvuke unatoka pamoja nayo. Teremsha thamostati, yaani kidhibiti cha joto. Ikiwa hali inaendelea, rudia kipimo cha ndoo, safari hii kwenye maji yanayotoka, kwa sababu maji machache yanayopita kwenye moto uleule hupata joto kupita kiasi. Iwapo thamostati haizimi kichomeo, usiendelee kuitumia mashine.

Swali: Je, naweza kukaza anloda ili presha irudi?
Jibu: Hapana. Utaficha kasoro, na siku utakapoweka nozeli mpya presha itavuka kiwango ambacho hozi na pampu zinastahimili.

Swali: Nimebadilisha sili za pampu mara mbili na zinaungua tena. Nimekosea wapi?
Jibu: Chunguza mashine inaachwa ikinguruma kwa muda gani huku kifyatuo kimeachiwa. Wakati huo maji yaleyale huzunguka ndani ya pampu na kupata joto, ilhali sili za pampu nyingi za kawaida hutengenezwa kwa maji yasiyozidi takriban nyuzi 60 za Selsiasi. Ukisimama kwa zaidi ya dakika mbili, zima mota.